Mashua Kuukuu ya Alumini

Huko Marekani wawindaji wengi wa bata mwitu hutumia mashua za alumini, madini yale yale ya sufuria zetu. Mashua ya namna hiyo ikichakaa haiozi kama mbao, bali huvuja penye ribiti. Fundi huiweka juu ya magogo, huitia maji kiasi ndani, akatia alama kila panapodondoka. Kisha watu wawili hukaza ribiti zilizolegea: mmoja hushikiza chuma kizito upande mmoja, mwenziwe hugonga kwa nyundo upande wa pili. Rangi yenye shaba haifai kabisa, maana majini shaba hula alumini. Basi, ndugu, utengenezapo chombo, tafuta tundu kwanza, rangi baadaye. Rangi hupendeza macho, lakini abiria ameweka roho yake mikononi mwa fundi.