Urefu wa Mlima Pekee Hautoshi Kuona Nyota

Juma hili tunajibu barua iliyotoka Ryansoro, katika mkoa wa Gitega nchini Burundi. Mwandishi wake ni mwalimu. Anaeleza kwamba katika likizo ya Pasaka aliwapandisha wanafunzi wake kilimani, wakiwa na darubini ndogo ya mkono, ili wautazame mwezi na nyota. Wazazi walikubali kwa shida, maana usiku ni usiku na watoto ni watoto. Ilipotimia saa mbili mawingu yakafunga, mvua ikanyesha, na watoto wakarejea majumbani wameloa chepechepe bila ya kuona hata nyota moja. Sasa baadhi ya wazazi wanasema hawatawatoa watoto wao tena.

Mwalimu huyu anauliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini tunaambiwa kwamba wataalamu wa falaki hujenga vituo vyao juu ya milima, hali yeye juu ya mlima hakupata kitu? Pili, achague usiku gani ili wazazi wapate kumwamini tena?

Tuanze na la kwanza. Ni kweli kwamba mlima humfaa mtazamaji wa nyota, kwa kuwa humpunguzia hewa iliyo kati yake na anga. Mama aliyeketi mbele ya jiko la makaa ameona jinsi ukuta ulio ng'ambo ya moto unavyoonekana kutetemeka. Ukuta umetulia, kinachotikisika ni hewa ya moto iliyo katikati. Nyota nazo humetameta kwa sababu hiyo hiyo. Mwanga wake hupita katika hewa ya joto na ya baridi inayochanganyika, nao ukatikisika kabla ya kulifikia jicho. Anayepanda juu huacha chini yake sehemu kubwa ya hewa hiyo, pamoja na vumbi na unyevu wake.

Lakini mlima una tabia ya pili. Mchana jua hupasha miteremko yake joto, hewa yenye unyevu ikapanda, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa. Ikipoa vya kutosha hutoa matone, kama mvuke unavyofanya ukigusa mfuniko wa sufuria. Hayo ndiyo mawingu. Kwa hiyo katika nchi yenye mvua nyingi, mlima mrefu huweza kuwa kiwanda cha mawingu. Milima ya Rwenzori, iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, ina urefu wa mita 5,109, lakini hufunikwa siku nyingi. Henry Morton Stanley alipita jirani nayo mwaka 1876, ila theluji ya vilele vyake aliishuhudia mwaka 1888, mawingu yalipofunguka.

Basi wanaotafuta mahali pa kujenga kituo hawatazami urefu peke yake. Huko Sutherland, Afrika ya Kusini, kuna darubini kubwa iitwayo SALT, iliyozinduliwa mwaka 2005, yenye kioo cha vipande 91. Kilima chake kina urefu wa mita 1,800 hivi. Nyanda za kati za Burundi nazo ziko kati ya mita 1,500 na 2,000. Tofauti haiko katika kimo, bali katika maji. Sutherland iko katika Karoo, nchi ya nusu jangwa, hali Gitega hupata mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayotupa maharagwe, ndizi na kahawa. Hatuwezi kuilaumu kwa kutuzibia nyota.

Mlima wa Mauna Kea, katika visiwa vya Hawaii, una bahati ya namna nyingine. Kilele chake kina mita 4,200 na zaidi, na mara nyingi tabaka la hewa ya joto huyazuia mawingu yasipande, yakabaki chini ya kilele kama blanketi. Hata hivyo, huko nako theluji na upepo mkali huwalazimisha wataalamu kufunga mapaa ya darubini. Unyevu ukizidi hufunga pia, kwa sababu umande ukikaa juu ya kioo huharibu picha na huweza kukidhuru kioo chenyewe.

Tukija karibu na kwetu, Waethiopia walizindua kituo chao mwaka 2015 juu ya mlima wa Entoto, kando ya mji wa Addis Ababa, kwenye kimo cha mita 3,200. Kina darubini mbili, kila moja ikiwa na kioo chenye upana wa mita 1. Lakini kuanzia Juni hadi Septemba mvua kubwa hutawala huko, na taa za mji nazo hung'arisha anga. Ndiyo sababu wataalamu wao wakaenda kupima pia hali ya milima mirefu iliyo karibu na Lalibela.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la pili. Mkanda wa mvua hulifuata jua. Kati ya Juni na Agosti huwa umehamia kaskazini, Ethiopia ikanyeshewa, na Burundi ikawa katika kiangazi ambacho Warundi hukiita ici. Machi na Aprili mkanda huo huwa umerudi juu yetu. Kwa hiyo likizo ya Pasaka, ingawa ilimfaa mwalimu kwa nafasi, ilikuwa miongoni mwa nyakati mbaya kupita zote kwa kutazama anga.

Twamshauri achague Juni au Julai. Najua likizo kubwa huwatawanya watoto, hivyo hapana budi apatane na wazazi mapema. Asingoje hadi mwisho wa kiangazi, kwa maana moshi wa mbuga zinazochomwa moto huongezeka, na nyota zilizo chini karibu na upeo zikafifia. Achague jioni ambayo mwezi mwandamo una siku nne. Watoto watauona kwanza, na vivuli vya milima yake vitajitokeza vizuri. Kisha utatua mapema na kuacha giza kwa ajili ya nyota. Mnamo saa tatu za usiku wa Julai, kundi la Nge litakuwa juu sana, na Msalaba wa Kusini utakuwa chini, upande wa kusini-magharibi.

Wasikae bondeni, kwani hewa ya baridi hushuka usiku na kuleta ukungu juu ya vinamasi. Mgongo wa kilima ni bora. Moto wa kuota usiwe karibu na darubini. Tochi ifungwe kitambaa chekundu, na macho yapewe nusu saa kuzoea giza. Darubini itolewe nje mapema ipoe, lakini vioo vyake vifunikwe visipate umande. Wala mtoto asiielekeze kamwe kwenye jua, maana atapofuka. Kwa upande wa wazazi, usiku wa kiangazi ni wa baridi kali: blanketi na chupa ya uji wa moto ni vifaa vya lazima kama darubini yenyewe.

Na tuwaambie wazazi wa Ryansoro neno moja la haki. Katika vituo vikubwa vya dunia, mtaalamu huomba usiku wake miezi mingi kabla. Mawingu yakija usiku huo, mara nyingi hurudi kwao mikono mitupu. Kukosa nyota usiku mmoja si uzembe wa mwalimu. Wazee wetu wa pwani walikitazama Kilimia ili wajue majira ya kulima, nao bila shaka walikuwa na usiku wao wa mawingu. Hawakuacha kutazama, walijifunza majira. Watoto wapewe usiku mwingine, safari hii wa kiangazi.

Tukutane juma lijalo.