Programu ya Utafiti Isitolewe Kimyakimya

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, ninyi mnaolinda Mpondwe na njia za Bwera mnafahamu vyema kwamba si kila adui huvuka mpaka akiwa na bunduki. Tarehe 9 Juni 2019 jamaa moja iliingia kutoka Kongo, ikampeleka mtoto mgonjwa wa miaka 5 katika Hospitali ya Kagando. Tarehe 11 ilithibitishwa kwamba mtoto yule, aliyekwisha kuhamishiwa Bwera, alikuwa na Ebola. Alifariki, na baada yake wakafariki nyanya yake na mdogo wake. Mwezi Agosti mwaka huo huo msichana wa miaka 9 aligunduliwa pale pale Mpondwe kabla hajafika mbali. Naye pia hakupona. Hata hivyo ugonjwa haukuenea katika ardhi ya Uganda.

Waganga na walinzi wa mpaka walisifiwa, nayo ni haki yao. Lakini iko sehemu moja ya kazi ile isiyosifiwa na mtu, nayo ni hesabu. Kila aliyemgusa mgonjwa hana budi kufuatiliwa kwa siku 21. Tena, chanjo iliyoanza kutolewa kwa watu hao tarehe 15 Juni, iitwayo rVSV-ZEBOV, ilikuwa bado haijapata leseni. Ulaya iliiidhinisha Novemba 2019, Marekani Desemba. Kwa hiyo ilitolewa kwa masharti ya utafiti, na utafiti ambao hesabu yake imeharibika haumfai mgonjwa wa leo wala wa kesho.

Siku hizi hesabu za namna hiyo aghalabu huandikwa kwa simu. Mfano ni ODK, programu iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani, ambayo Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuitumia. Mhandisi huandika maandishi ya programu; maandishi hayo hujengwa, yaani hugeuzwa kuwa bunda moja ambalo simu inaweza kulifuata; kisha bunda hilo hutangazwa likiwa na namba yake. Hilo ndilo huitwa toleo. Nayo fomu ya maswali inayoingizwa ndani ya programu ina namba yake pia. Mtindo unaopendekezwa ni wa tarakimu 10: mwaka, mwezi, siku, na namba ya mpangilio kwa siku hiyo. Fomu ya pili kutolewa tarehe 15 Juni 2019 ingeandikwa 2019061502. Askari yeyote aliyewahi kusoma ujumbe wa redio ataelewa mara moja faida ya namba hiyo.

Maoni yangu ni kwamba toleo la programu ya utafiti lichukuliwe kama amri iliyotiwa saini: liwe na namba, tarehe, mwenye kulijibia, na maelezo ya kilichobadilishwa. Asitokee mtu wa kulirekebisha kwa hisani yake mwenyewe akiwa kituoni, hata kama nia yake ni njema.

Tuchukue swali moja tu. Fomu inauliza kwa Kilhukonzo kama mtu alihudhuria mazishi. Mtu mwenye bidii aona swali halitoshi, akaligeuza liulize kama aligusa maiti. Huenda swali la pili ni bora. Lakini aliyehudhuria bila kugusa atajibu ndiyo katika kituo kimoja na hapana katika kingine, na huko Kampala majibu yote yatajumlishwa kana kwamba ni ya swali moja. Katika miteremko ya Rwenzori, ambako simu yaweza kukaa siku kadhaa bila mtandao, toleo la zamani litaendelea kutumika hata baada ya jipya kutangazwa. Hilo haliepukiki. Linaloepukika ni kuchanganya mawili hayo bila kujua, maadamu kila jibu limebeba namba ya fomu yake.

Wako watakaosema kwamba nidhamu hiyo huchelewesha kazi. Hoja yao ina uzito, wala sisi wanajeshi hatuna ruhusa ya kuidharau. Tarehe 25 Februari 1991, kombora la Iraki liliua askari 28 wa Marekani huko Dhahran, Saudia. Mtambo wa Patriot uliopaswa kuwalinda ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100, na kosa dogo katika hesabu ya saa yake lilikuwa limekua hata kufikia theluthi ya sekunde. Ukalitafuta kombora mahali lisipokuwapo. Programu iliyosahihishwa ilikuwa imetolewa tangu tarehe 16. Iliwasili Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya vifo. Tena kabla ya hapo vikosi vilikuwa vimepelekewa onyo kwamba kuuacha mtambo ukiwaka kwa muda mrefu sana kwaweza kuleta hitilafu, lakini onyo halikutaja muda mrefu sana ni saa ngapi. Kuuzima na kuuwasha upya kungetosha. Mimi naona sentensi ile iliyokosa tarakimu ilikuwa na hatia sawa na ndege iliyochelewa. Basi toleo la haraka halina ubaya, mradi maelezo yake yawe kamili.

Liko jambo jingine ambalo najua litawakera wenzangu. Maandishi ya programu hizi yafaa yawekwe wazi, ayasome atakaye, kama yalivyo ya ODK. Mazoea yetu ni kuficha. Lakini katika chuo cha makadeti kitabu cha kwata kilipatikana kwa kila mmoja, na neno la siri la zamu ya usiku halikuandikwa popote. Majina ya wagonjwa ndiyo neno la siri, nayo yafungiwe kabisa. Programu ni kitabu cha kwata: wengi wakiisoma, kosa huonekana mapema. Na kwa kuwa kila toleo hutangazwa pamoja na tarakimu ndefu iliyokokotolewa kutoka katika bunda lenyewe, herufi moja ikichezewa njiani tarakimu hiyo haitalingana tena, na mpokeaji atajua.

Ninaloomba kwa vituo vya Mpondwe, Kagando na Bwera ni dogo. Utafiti wowote utakaofika huko, ubandike ukutani karatasi yenye namba ya toleo linalotumika, tarehe yake, na kilichobadilika, kwa Kilhukonzo na kwa Kiswahili. Askari wa zamu ailinganishe na simu ya karani kila asubuhi, kama anavyolinganisha namba za bunduki na daftari la ghala, na zisipolingana, kazi isianze mpaka aliyelitoa toleo hilo apigiwe simu.