Kabla Hamjaifungua Gia Boksi

Mwezi huu naongea na nyie mliochanga hela wawili mkanunua Hilux Surf ya miaka ya 1990, ile ya oto yenye gia nne. Siku ikianza kuteleza, injini inalia lakini gari haiendi, fundi atasema klachi pleti zimeungua, leteni mpya. Mimi nasema msitoe hela kabla hamjamuuliza: zimeunguzwa na nini?

Mara nyingi ni presha ya oili kushuka. Kwa umri na joto, sili za mpira hukakamaa, bushi hulika, matundu ya vali hutanuka. Oili inavuja humohumo ndani, nje huoni hata tone, na pleti zinakosa mkandamizo. Mkifunga mpya mkaacha hayo, zitaungua tena. Basi sili zote zibadilishwe, bushi zipimwe, na kipoza oili kilichomo kwenye rejeta kisafishwe, maana uchafu wa pleti za zamani hujificha humo.

Na nyumbani msigombane nani anaendesha vibaya. Gari ya umri huo huchoka yenyewe jamani. Tukutane mwezi ujao!