Siku Mbili Bila Simu

Baba watoto aliposema twende tukalale kwenye hema msituni, nilicheka. Mimi niliyekulia Muheza, niliyechota maji mtoni na kulala kwenye mkeka, leo nilipe dola nirudi kulekule? Lakini sababu yenyewe sikuisema. Kule hakuna mtandao.

Wauguzi wenzangu mlio ughaibuni mnanielewa. Ukishakuwa na diploma ya nyumbani na digrii ya huku, wewe ndiye daktari wa ukoo. Shangazi akipima sukari, picha inanifikia kabla hajatoka zahanati. Mama yangu ana presha, na mwaka wa nne huu nalala na simu chini ya mto.

Tulikwenda Agosti. Kutoka Sacramento hadi Prairie Creek, kaskazini kabisa mwa pwani ya California, ni kama saa sita kwa gari. Kabla mtandao haujakatika nilimwandikia mdogo wangu: "Mama akizidiwa usinisubiri, mpeleke."

Sasa hiyo miti ya redwood! Mkukusu wa Kilimanjaro, mti mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, una mita 81. Huku upo uitwao Hyperion, uliogunduliwa 2006, wenye mita 115 na ushei. Huo hatukuuona, watu wamekatazwa kuuendea, lakini jirani zake walitosha kutuumiza shingo. Cha ajabu, mizizi yao haiendi chini sana. Hutambaa mbali na kushikana na ya wenzao. Kiangazi mvua ikikosekana, ukungu wa bahari ndio unaoinywesha.

Ukungu huohuo utawagandisha ninyi. Watu wa Pwani, bebeni masweta na blanketi hata kama ni Agosti. Na chakula chote, hata dawa ya meno, kifungieni kwenye kabati la chuma la kambini, maana dubu wapo.

Usiku wa kwanza sikulala. Kila nikijigeuza mkono unatafuta simu. Usiku wa pili tulihamia ufukweni, Gold Bluffs. Bahari yake ni baridi, si ya kuogelea. Asubuhi walipita elki, jamii ya kulungu, wakubwa kama ng'ombe, na binti yetu wa miaka tisa, ambaye Kiswahili humtoka kwa kuvutwa, akaninong'oneza: "Mama, usiongee, watakimbia." Nikanyamaza. Nilikuwa nimeisahau simu tangu jioni.

Tulipokaribia Eureka ikaanza kulia mfululizo. Ujumbe 61. Mama alizidiwa Jumamosi. Mdogo wangu na jirani walimpakia kwenye bajaji hadi hospitali, akabadilishiwa dawa, Jumapili akaruhusiwa. Wa mwisho ulikuwa picha yake akinywa uji.

Nililia pale kituo cha mafuta. Aibu ilikuwemo, na nafuu pia, na kakijiwivu kadogo, nakiri, kwamba waliweza bila mimi. Nilipompigia, Mama hakuuliza nilikuwa wapi.

"Mtoto hakupata baridi?"

"Hapana, Mama."

"Haya, nieleze hiyo miti."

Siku hizi mdogo wangu ndiye anayeandika vipimo vyake kwenye daftari. Mimi natumiwa picha ya ukurasa kila Ijumaa.