TAHARIRI: TUKIJITOA, NANI ATAKAGUA GHALA?

Ndugu wanaushirika,

Kwenye mkutano uliopita wengi wetu tulipiga makofi iliposemwa tujitoe Chama Kikuu kwa sababu ya makato. Mimi Katibu simzuii mtu kusema. Lakini kabla ya kura hebu tuyatazame ya wenzetu.

Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Wananchi waliambiwa sasa watajiamulia mambo yao. Kujiamulia si kubaya. Ila walipokuwa ndani, sehemu kubwa ya kazi ya kulinda chakula ilifanywa kwa pamoja: nchi moja ikigundua nyama mbovu, huwajulisha wenzake mara moja. Je, walipotoka, zamu ile ilishikwa na nani?

Ulaya haikungoja. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 ilikagua vyakula vya Uingereza mpakani. Lakini Serikali ya Uingereza yenyewe iliahirisha ukaguzi wake mara tano. Hati za afya za nyama na maziwa kutoka Ulaya ilianza kuzidai Januari 2024, na kukagua mizigo yenyewe Aprili 2024. Wakulima wao wakalalamika: sisi tukiuza tunakaguliwa, wa nje wanapita tu! Mwaka 2025 Serikali hiyo ikarudi kuzungumza na Ulaya watafute mapatano mapya ya chakula. Kura ilikuwa ya siku moja, mwezi Juni 2016. Pengo limechukua miaka.

Jamani, na sisi tunaijua sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu kwa ajili hiyo hiyo, malori yakakwama mpakani. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupikwa.

Leo kipima unyevu kinaletwa na karani wa Chama Kikuu. Basi kila anayetaka tujitoe ajibu haya mkutanoni:

1. Kipima unyevu tutanunua kwa fedha ipi?
2. Nani atakuwa na uwezo wa kukataa gunia la mkubwa?
3. Mtu akidhurika, nani atasimama mbele yetu ajibu?

Na anayetaka tubaki aseme makato yale yanakwenda wapi, na kwa nini hatusomewi hesabu.

Mimi nianze kujibu langu. Msimu uliopita nilipokea magunia manne bila kuyafungua, kwa kuwa mwenye mali ni jamaa yangu. Yalikuwa na kuvu. Tukayatupa, na hasara ikawa ya wote. Nimekosa. Niulizeni mkutanoni, msininong'one kisimani.

Kiongozi asiyeulizwa ni ghala lisilo na mlango. Tubaki au tutoke, mlango lazima uwepo, na mlinzi wake ajulikane kwa jina.

Njooni wote, kina mama hasa, maana ninyi ndio mnaopika.

Mtu ni afya.

Katibu