Msinunue Nyumba Chini ya Mwembe

Ukitaka kujua tunavyodanganywa, tazama viti vinapowekwa. Mnunuzi akifika kwetu Kuluba, huku West Nile, kuangalia nyumba, mwenye nyumba hamkaribishi sebuleni. Viti vinatolewa nje, vinapangwa chini ya mwembe, soda zinafunguliwa, wazee wanasalimiana kwa zamu, na biashara ya mamilioni inaanza kivulini. Nyumba yenyewe iko palepale, mlango wazi, mabati yanameremeta. Inapewa dakika tano. Watu wanapita chumba kwa chumba, wanagonga ukuta kwa kidole, wanasifu vigae, kisha wanarudi mwembeni haraka huku wakijifuta jasho. Hakuna hata mmoja anayeuliza: mbona tumekimbia?

Basi nauliza mimi. Tumekimbia kwa sababu ndani hakukaliki. Mwenye nyumba anajua, broka anajua, na mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, anajua kwa kuwa nyumba yake nayo ni hivyohivyo. Asiyejua ni mmoja tu, yule mwenye pesa.

Wala si kwamba sisi ni watu wa kupuuza. Kwenye ardhi tuko makini kupindukia. Wazee wa ukoo wataitwa, majirani wa pande zote nne watasimama kwenye mpaka, mke ataulizwa kama ameridhia, maana sheria ya ardhi ya 1998 inataka hivyo, na karatasi itapigwa mhuri. Vizuri sana. Lakini mhuri huo unathibitisha udongo peke yake. Paa, nyaya, dari, kiyoyozi na heta ya bafuni, vitu ambavyo ndivyo vilivyopandisha bei, havitajwi hata kwa mstari mmoja. Huyo mwenyekiti aliyegonga mhuri amedai asilimia yake, asilimia ambayo hakuna sheria ya Uganda inayompa, na kizingiti cha nyumba hajakivuka. Huko ndiko kununua mbuzi kwenye gunia, tena kwa mashahidi.

Na joto letu si la mzaha. Ng'ambo ya mpaka, hatua chache kutoka Oraba, Sudan Kusini ilifunga shule zake Machi 2024 kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuzirai Juba. Sisi tuko juu kidogo kuliko Juba, kwa hiyo tunapunguziwa nyuzi kadhaa, lakini jua la Januari na Februari halina pasipoti. Nyumba isiyoweza kukaliwa mchana kwa miezi mitatu ya mwaka ina kasoro, sawasawa na nyumba inayovuja. Ya kuvuja tunaiona na kuilalamikia. Ya kuchoma tunasema ni mapenzi ya Mungu.

Mungu hakuziba matundu ya hewa. Ni fundi aliyeyaziba kwa saruji baada ya mwenye nyumba kulalamikia mbu na popo. Mungu hakupaka bati rangi ya damu ya mzee, ambayo inameza jua kuliko rangi nyeupe. Hakupigilia bodi ya dari karibu kabisa na mabati bila kuacha hata upenyo wa hewa kwenye pembe za paa. Hakuweka dirisha moja kila chumba, tena upande mmoja, hewa ikiingia haina pa kutokea. Nenda kasimame juu ya kiti ndani ya nyumba kama hiyo saa nane mchana, uweke kiganja kwenye bodi ya dari. Utakitoa mwenyewe. Kisha vuta pumzi: kama kuna harufu kali ya mkojo, juu kuna popo, na ile bodi unayoiona nyeupe kwa chini imeoza kwa juu. Mwenye nyumba ameipaka rangi wiki iliyopita. Nyuma ya nyumba, kwa taarifa yako, kuna kibanda cha nyasi alichojenga marehemu baba yake, na huko ndiko anakolala usingizi wa mchana.

Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kwa nyumba ya mabati huku West Nile, nakataa. Broka anayekuambia "tukutane saa mbili asubuhi, mzee ana safari" anaficha kitu. Nenda saa nane. Kataa kiti cha mwembeni kwa heshima zote, sema "mzee wangu, naomba tukae ndani," kisha kaeni ndani saa nzima, madirisha yakiwa yamefunguliwa kama yatakavyofunguliwa na mkeo. Bei itakayotajwa baada ya saa hiyo haitafanana na ile ya kwanza.

Sasa tuje kwenye viyoyozi, maana hapo ndipo wizi umevaa suti. Zamani AC ilikuwa habari ya Kampala. Mji wa Arua uliishi kwa jenereta na kwa saa za kuhesabu, na hata mtambo wa umeme wa Nyagak wa megawati 3.5 ulipozinduliwa mwaka 2012, umeme ulikuwa wa taa, redio na kuchaji simu. Mambo mawili yakabadilika. Wakimbizi wa Sudan Kusini waliingia kwa wingi mwaka 2016, mashirika yakaja nyuma yao, na kila nyumba yenye geti ikafungwa AC ili ikodishwe kwa bei ya wageni. Kisha mwaka 2024 West Nile ikaunganishwa na gridi ya taifa. Leo mashirika yanapunguza watu, nyumba zinauzwa, na tangazo linasema: "ina AC vyumba vyote."

Ina, ndiyo. Je, zinafanya kazi? Na kama zinafanya, kwa muda gani? Mchezo ni huu. Siku mbili kabla ya mnunuzi kufika, fundi anaitwa kujaza gesi. AC inatoa baridi safi, mnunuzi anatabasamu, pesa zinahesabiwa. Baada ya miezi miwili inapuliza hewa ya moto, na muuzaji hapokei simu. Elewa jambo moja ambalo hao wauzaji wanaomba usilielewe: gesi ya AC haiishi kwa matumizi. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kujaza bila kuziba ni kuuza muda. Dalili zinaonekana kwa macho. Barafu ikishika kwenye kibomba cha shaba, mara nyingi gesi ni pungufu. Mafuta yaliyogandia vumbi kwenye maungio, hapo ndipo panapovuja. Na soma kibandiko cha mashine ya nje: ikiandikwa R22, hiyo ni gesi inayoondolewa sokoni duniani kote chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, na kwa nchi kama yetu mwisho wake ni 2030, ikibaki akiba ndogo tu ya matengenezo. Bei ya nyumba isipande hata shilingi kwa mashine kama hiyo. Ishuke, kwa gharama ya kuing'oa.

Hayo ya AC yanaumiza mfuko. Ya heta ya bafuni yanaua. Zile heta za papo hapo zinazofungwa kwenye bomba la mvua huwa za wati 5,500, zinavuta zaidi ya ampea 20. Nyumba nyingi zilitandazwa waya wa milimita 1.5, waya wa taa, enzi ambazo taa ndiyo ilikuwa matumizi yote. Mtu anaunga heta humohumo, bila waya wa erthi, na mtoto wako anasimama chini yake miguu ikiwa kwenye maji. Ukigusa bomba ukasikia mtetemo mdogo vidoleni, usicheke. Toka nje, mwite fundi.

Mtaniambia serikali haijaweka sheria. Imeweka. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka jengo lipate kibali cha kukaliwa kabla ya mtu kuhamia. Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, ERA, inatoa vibali kwa mafundi wanaoruhusiwa kufunga nyaya. Karatasi hizo zipo, na mnunuzi ana haki ya kuziomba. Nani anaziomba? Tunaomba risiti ya simu ya laki mbili, na nyumba ya milioni themanini tunaichukua kwa neno la mdomo.

Wengine watasema kumleta fundi ni kumkosea mzee heshima. Heshima gani hiyo inayolindwa kwa kumficha mwenzako waya uliochomoka? Tukinunua ng'ombe sokoni tunafungua mdomo tukahesabu meno, na mwenye ng'ombe hanuni. Na ninyi ndugu zetu wa Kampala, Juba na Minnesota, mnaotuma pesa baada ya kuona picha kwenye WhatsApp: picha haina joto, haina harufu ya popo, haipigi shoti. Mlipeni fundi siku moja kabla ya kumlipa broka.

Kwa hiyo wenyeviti wa LC1 wa Kuluba, Koboko na Arua, nawaambia wazi. Kabla ya kugonga mhuri, ingieni ndani. Mkataba uwe na ukurasa wa nyumba: paa na dari vimekaguliwa na nani, AC imewashwa nusu saa mbele ya mashahidi, erthi imepimwa, fundi ameandika jina lake na namba ya kibali chake, na sehemu ya pesa ibaki mikononi mwa mwanasheria kwa miezi mitatu. Muuzaji akikataa ukurasa huo, amekwisha kukujibu. Nyanyuka, mshukuru kwa soda, nenda zako.