Jua la Raya na Kuni za Ifo

Jua linapotua Ifo, jenereta za wafanyabiashara huanza kunguruma sokoni. Nyaya zilizotundikwa juu ya vijiti na mapaa ya mabati hupeleka umeme katika maduka, na katika nyumba za wachache wanaoweza kuulipia. Njiani hupita mikokoteni ya punda iliyosheheni kuni zilizotoka mbali. Nilipozuru huko jioni moja, nilikaribishwa katika darasa ambamo wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wao wa mwisho. Mwalimu alikuwa bado hajamaliza kueleza hesabu iliyokuwa ubaoni taa zilipozimika, maana mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyeshangaa. Wanafunzi walikusanya vitabu vyao, mwalimu akatia chaki mfukoni, na kila mmoja akashika njia yake gizani.

Hulikumbuka darasa lile kila nisikiapo kampuni ya kawi ikisifiwa kwa kuwajali majirani zake. Sifa hizo huja kwa namna moja. Wakubwa hufika kwa magari, utepe hukatwa, kibao chenye jina la mfadhili hubandikwa ukutani, na picha huchapishwa magazetini. Aghalabu kitu kilichotolewa ni chema: kisima, vyumba viwili vya madarasa, madawati, au basari kwa wanafunzi kadhaa. Wenyeji hushukuru, na ni haki yao kushukuru. Hata hivyo, sina budi kuuliza swali ambalo shukrani hulifunika: je, jirani wa mtambo wa umeme amepata umeme?

Tuutazame mfano ulio karibu. Takriban kilomita 100 kutoka Ifo, mahali paitwapo Raya nje ya mji wa Garissa, kuna mtambo wa kuzalisha umeme kwa miale ya jua. Ulizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 13 Desemba 2019. Una uwezo wa megawati 50, umeenea katika hekta 85 hivi, na paneli zake zapita 200,000. Ulijengwa na kampuni ya Jiangxi kutoka Uchina kwa mkopo wa Benki ya Exim ya nchi hiyo, na mwenyewe ni shirika la umma la usambazaji wa umeme mashinani, REREC. Umeme wake huingia katika gridi ya taifa.

Mradi huu una manufaa makubwa, na sitaki msomaji anielewe vingine. Kwa miaka mingi mji wa Garissa ulitegemea mitambo ya dizeli, yenye gharama na moshi. Kwamba jua lile lile linaloua mifugo wetu wakati wa kiangazi sasa huwasha taa za Wakenya ni jambo la kujivunia. Lakini gridi ni kama mto: maji huwafikia wale waliochimbiwa mfereji. Anayeishi kando ya mto bila mfereji huyaona maji yakipita. Ndivyo ilivyo kwa vijiji vingi vya Kaskazini Mashariki, na ndivyo ilivyo kwa Ifo.

Mtu ataniambia kwamba Ifo si jirani wa Raya, maana kilomita 100 si hatua chache. Nami nitamjibu kwamba katika nchi ya wafugaji ujirani haupimwi kwa ua. Anayelisha ngamia wake katika nyanda zizo hizo, akinywesha visima vivyo hivyo na kuuza katika soko la Garissa, ni jirani. Zaidi ya hayo, umeme wa Raya husafiri mbali zaidi ya Ifo kuelekea upande wa pili, wala hakuna asemaye kuwa huko ni mbali mno.

Ifo ilianzishwa mwaka 1991, Somalia ilipovunjika. Kambi tatu za mwanzo za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa kuhifadhi watu 90,000. Mwaka 2011, wakati wa ukame na njaa, idadi yao ilipita 400,000. Watu wote hao walipika, na wakapika kwa kuni. Miti iliyokuwa malisho na kivuli cha wenyeji ilikatwa, na akina mama wakalazimika kwenda mbali zaidi mwaka baada ya mwaka. Huko vichakani wengi walivamiwa na kubakwa. Hilo lilijulikana na kuandikwa tangu miaka ya kwanza ya kambi.

Mwaka 1998, kwa fedha za Serikali ya Marekani, shirika la Ujerumani la GTZ lilianza kugawa kuni kambini ili wanawake wasilazimike kutoka. Nia ilikuwa njema mno. Tathmini iliyofanywa mwaka 2001 ilionyesha kuwa katika vipindi ambavyo kaya zilikuwa na kuni za kutosha, ubakaji wakati wa kutafuta kuni ulipungua kwa takriban asilimia 45. Tathmini hiyo hiyo ilionyesha pia kuwa ubakaji mahali pengine uliongezeka. Isitoshe, mgao haukutosheleza mapishi ya siku zote, na ulipokwisha, mama alishika tena shoka na kamba yake.

Nataja habari hii kwa sababu yatufunza jinsi ya kupima hisani. Kuni zile zilisaidia, na anayebeza msaada ule hajui uchungu wa mama aliyeokoka. Lakini msaada unaogawa kitu kidogo kwa kipindi kifupi huacha chanzo cha shida mahali pake. Chanzo kilikuwa kukosa kawi ya kupikia na kukosa usalama. Mpaka leo, katika kaya nyingi za Ifo, chungu hukaa juu ya moto wa kuni.

Yafaa pia tuondoe dhana kwamba watu hawa wanaomba kupewa bure. Mwaka 2015, taasisi ya Chatham House ya London ilikadiria kwamba kaya katika Dadaab zilitumia wastani wa dola 17 hivi kwa mwezi kununua kawi, kiasi kilichokaribia robo ya mapato yao. Fikiri, mwalimu unayesoma haya, ungetoa robo ya mshahara wako kwa kuni na mwanga wa kusomea! Maskini wa Ifo tayari ni mteja, tena mteja anayelipa ghali kuliko mkazi wa jijini. Kinachokosekana ni mwenye kumuuzia kwa bei ya haki.

Kampuni nyingine za kawi nchini zimekwisha kujifunza, kwa gharama, kwamba majengo hayatoshi. Huko Olkaria, KenGen iliwahamisha Wamaasai mwaka 2014 kupisha mtambo wa mvuke wa ardhini. Walijengewa nyumba katika makazi mapya na wakapewa ekari 1,700. Hata hivyo, malalamiko juu ya ardhi, barabara na namna walivyoshirikishwa yalifika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, na ikabidi pande zote ziketi kwa usuluhishi. Huko Marsabit, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana wenye mitambo 365 na megawati 310 uliunda wakfu wake wa kusaidia jamii, ukajenga na kukarabati mengi. Lakini mwezi Oktoba 2021 mahakama ya mjini Meru iliamua kwamba ekari zipatazo 150,000 za mradi zilipatikana bila kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha, na mvutano wa kisheria ukaendelea baada ya hapo. Madarasa yaliyojengwa hayakuwafanya wenyeji wasahau kwamba hawakuulizwa ipasavyo.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Anachostahili jirani wa mtambo ni sehemu ya umeme wenyewe, na sauti katika kuugawa, kwa mkataba ulioandikwa. Visima na madawati vije baada ya hapo, kama nyongeza ya ujirani mwema. Vikija badala yake, huwa ni bei ndogo ya kununulia ukimya.

Sheria zetu zimeanza kulitambua jambo hili, lakini zimeishia njiani. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 yaagiza kwamba mrabaha wa mvuke wa ardhini ugawanywe: asilimia 75 kwa Serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali hapo. Sheria hiyo haikuweka mrabaha kama huo kwa jua wala kwa upepo. Basi Nakuru yenye mvuke ina fungu lake kisheria, ilhali Garissa yenye jua haina. Sijui hekima ya tofauti hiyo ni ipi, maana ardhi iliyofunikwa kwa paneli hailishi tena mbuzi hata mmoja.

Kuna pia Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016. Kifungu cha 36 chasema kwamba mkataba wa uwekezaji katika ardhi ya jamii sharti utanguliwe na mashauriano huru na ya wazi, ueleze fidia na mrabaha, ujumuishe kuwajengea wenyeji ujuzi, na upitishwe na thuluthi mbili za watu wazima katika mkutano wa jamii. Hiki ni chombo kikubwa mikononi mwa wananchi wa Dadaab, Fafi na Lagdera. Lakini hakitumiki kama hakijulikani, na hakijulikani kama hakisomwi.

Na wakimbizi je? Wao si wanajamii kwa mujibu wa sheria hiyo, na wenyeji wana haki ya kulinda ardhi yao iliyobeba mzigo tangu mwaka 1991. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa Ifo mwaka ule sasa ni mzazi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa na Serikali mwezi Machi 2025, vimekusudia kambi zigeuke makazi ambamo mgeni na mwenyeji watatumia huduma pamoja. Makazi ya namna hiyo hayawezi kusimama juu ya kuni na jenereta. Tena, ikiwa nyaya zitapelekwa kambini na kuviruka vijiji vya wenyeji vilivyo njiani, kampuni itakuwa imepanda chuki pale ilipodhani inapanda wema. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwekezaji naye ni mgeni.

Wapo watakaopinga, nao wana hoja. Watasema kwamba kujenga shule ni kazi ya Serikali inayotoza kodi, wala si ya kampuni. Nakubaliana nao kabisa! Ndiyo maana siombi kampuni ya kawi ijigeuze wizara ya elimu. Tumekwisha kuona kuwa jengo peke yake halifundishi: baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe mwezi Januari 2020, walimu wengi wasio wenyeji waliondolewa Garissa na kaunti jirani, na madarasa yakabaki na kuta zake. Kampuni ya kawi na iulizwe juu ya kawi, kazi inayoijua.

Watasema pia kwamba kusambaza umeme katika nyanda zenye watu waliotawanyika ni hasara. Lakini wakazi wa Dadaab hawakutawanyika. Ni mamia ya maelfu ya watu waliokusanyika mahali pamoja, wenye masoko, shule na hospitali, na ambao tayari hulipa. Aidha, kila mteja wa umeme nchini hulipa ushuru wa asilimia 5 kwa ajili ya usambazaji wa umeme mashinani. Kama Ifo na vijiji vyake si mashinani, basi neno hilo limepoteza maana.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, Bunge liweke mrabaha wa jua na upepo wenye fungu la jamii, kama ulivyo wa mvuke. Pili, kila mkataba wa mtambo mpya utaje kwa majina na kwa tarehe shule, zahanati na visima vitakavyopata umeme kabla ya megawati ya kwanza kusafirishwa mbali. Tatu, kamati ya kusimamia fungu hilo iwe na wanawake wanaobeba kuni, wenyeji na wakimbizi, na hesabu zake zisomwe hadharani kwa Kisomali na Kiswahili.

Nanyi walimu na wanafunzi mna kazi. Kifungu cha 36 kinaweza kusomwa katika kipindi kimoja. Hesabu ya bei ya jenereta kwa mwezi inaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari, na matokeo yake yakapelekwa barazani. Siku kampuni itakapokuja kukata utepe, asimame mmoja wenu, kwa adabu na bila woga, aulize: umeme utafika lini, kwa bei gani, na umeandikwa wapi? Wanafunzi niliowaona Ifo wakifunga vitabu kabla ya wakati hawakuwa wavivu, na mwalimu wao hakuwa mzembe. Walikosa taa tu, katika kaunti ambayo jua lake limekwisha kugeuzwa umeme.